Siki Stoo, Semina Hotelini

Vijana wangu, wengi wenu mkifika hapa Kipawa kujifunza kuhifadhi picha za zamani, swali lenu la kwanza huwa ni lilelile: mafunzo haya anayafadhili nani? Mkiambiwa anayafadhili mama anayeuza samaki wa barafu, mnaangaliana. Mmoja wenu juzi alimnong'oneza mwenzake, "Kumbe si mradi?" Nilimsikia. Masikio yangu bado mazima, na neno mradi nililisikia kazini mpaka likaota kutu. Ndiyo maana nimekaa niwaandikie, mjue ufadhili ulivyokuwa kabla ya samaki.

Naitwa Bi Mwajuma. Nilikuwa mhifadhi katika taasisi moja ya umma huko Temeke. Siitaji jina, maana bado ipo na bado ina mkurugenzi. Tulitunza ngoma, vigoda, mavazi ya jando na unyago, vyungu, picha. Majirani wakiniuliza nafanya kazi gani, nikisema mimi ni mhifadhi, walidhani nimehifadhi Kurani. Niliwaacha wadhani. Heshima yake ilikuwa kubwa zaidi.

Sasa, ufadhili wa kwanza wa mafunzo uliletwa na suruali.

Tulikuwa na kiti cha mtemi mmoja wa bara, kimechongwa kwenye gogo moja, kimelainika kwa makalio ya wenye mamlaka wa enzi na enzi. Siku moja tukaambiwa mgeni rasmi anakuja. Mkurugenzi wetu akapita stoo, akakiona kiti kimefubaa, akaagiza kipakwe vanishi.

"Mkurugenzi," nikamwambia, "huko kufubaa ndiko tunakokitunzia. Ni jasho la watu, moshi na mafuta ya mikono. Ukikipaka vanishi ni sawa na kumvalisha bibi kizee gauni la kipaimara."

"Bi Mwajuma, mgeni haji kuangalia jasho."

Kikapakwa. Ilikuwa masika, na nyie mnajua Dar wakati wa masika, hata taulo halikauki. Mgeni alipofika vanishi ilikuwa bado inanata. Hilo peke yake lingepita, lakini Mkurugenzi kwa furaha akamkaribisha mgeni aketi apigwe picha. Chombo cha mkusanyo hakikaliwi, vijana, hata kama ni kiti. Mgeni akaketi, akatabasamu, kamera zikalia. Alipoinuka, kiti kikainuka naye. Walinzi wawili walishika kiti, wa tatu akamshika mgeni kiunoni, wakavutana mpaka kitu kikachanika. Hakikuwa kiti. Kipande cha kitambaa cha bluu kiligandia pale, na baadaye tulibishana sana ofisini kama nacho sasa ni sehemu ya mkusanyo wa taifa.

Mgeni alitoa hotuba yake mgongo ukiwa ukutani. Akasema, "Wataalamu hawa wanahitaji mafunzo." Mstari wa mbele alikuwepo mfadhili mmoja kutoka nje, akatikisa kichwa kwa uchungu. Basi hivyo ndivyo tulivyopata fedha za kusomesha wahifadhi: mtu asiyesikia ushauri alikosea, ikaonekana waliotoa ushauri ndio wasiojua.

Awamu ya kwanza ilikuwa ya kwenda kusoma nje utunzaji wa vyombo vya mbao na ngozi. Akaenda Mkurugenzi. Alisema lazima mkuu aanze ili aelewe anachokisimamia. Aliporudi alituita tukusanyike atupe mrejesho, akiwa na koti zito kama la mchunga kondoo wa Makete, na kiyoyozi kimewashwa mpaka mwisho ili koti lipate sababu. Akatuonyesha picha. Yeye mbele ya makumbusho. Yeye mbele ya daraja. Yeye na theluji.

Yusta akanyoosha mkono. Yusta mnamjua kama mwalimu wenu mwenye sauti ya chini. Wakati huo alikuwa binti mpya kazini, mtu wa Muleba, katoka kusoma kemia, bado ana ile tabia ya hosteli za chuo za Mabibo ya kuuliza bila kuogopa.

"Mkurugenzi, wenzetu wadudu wa kwenye mbao wanawaua kwa njia gani?"

Mkurugenzi akafikiri. "Wenzetu," akasema, "hawana wadudu."

Tukapiga makofi. Ngoma zetu ziliendelea kutoa unga chini yake kila asubuhi kama kinu cha kusaga sembe.

Awamu ya pili ilikuwa warsha ya kuwajengea uwezo wadau, kwenye hoteli moja ya Mbezi Beach. Wadau walikuwa mhasibu, wasaidizi wa mhasibu, madereva, mtu wa manunuzi, na wake wawili wa watu ambao sikuwahi kuelewa walikuwa wadau wa nini. Wahifadhi tulialikwa siku ya kufunga, tuimbe. Kila mtu alipewa begi, fulana na kofia yenye maneno URITHI WETU FAHARI YETU. Mwezeshaji alifundisha namna ya kubeba chombo cha kale kwa mikono miwili, na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuleta chombo cha kale, watu walipokezana chupa ya maji. Dereva mmoja, braza mcheshi wa Tandika, aliiinua ile chupa kwa unyenyekevu wote, akaifungua, akanywa. Ndiye pekee aliyeona matumizi ya warsha.

Nacheka sasa. Wakati ule sikuwa nacheka, kwa sababu katikati ya warsha hizo ndipo Bi Shirin alipotuletea negativu za baba yake.

Bi Shirin ndiye huyo mwenye samaki. Familia yake ni ya Kihindi, Mashia, na baba yake alikuwa na studio ya picha Temeke miaka mingi kabla nyie hamjazaliwa. Watu wa Keko, Mtoni, Tandika, Chang'ombe, wote walipita mbele ya kamera yake. Maharusi, timu za mpira, vikundi vya taarab, watoto wa siku arobaini, vijana walioazima suti iliyokuwa inaning'inia nyuma ya mlango kwa ajili hiyo. Mzee alipofariki, studio ikafungwa, zikabaki negativu. Kwa nyie mliozaliwa na simu mkononi: negativu ni ile filamu ambayo picha huchapwa kutoka kwake, iliyogeuza weupe kuwa weusi. Ukiwa nayo unaweza kuchapa picha hata kama zote za ukutani zimeoza.

Alizileta kwa pikapu, kwenye masanduku, kila harusi kwenye bahasha yake na jina la familia. Akasema, "Hizi si zetu. Ni za watu wa Temeke. Nyie ndio mnajua kutunza." Mkurugenzi akampa mkono mbele ya kamera, masanduku yakaingizwa stoo, yakapangwa mpaka yakakaribia bati. Bati tupu, halina dari. Mchana mle ndani ungeweza kuivisha ndizi.

Haikuchukua muda, stoo ikaanza kunuka siki.

Mkurugenzi alikuwa wa kwanza kuchukua hatua. Akabandika tangazo kwamba ni marufuku kula kachumbari na achari ndani ya eneo la taasisi. Mama lishe wetu wa getini alilia, akasema yeye huweka ndimu tu. Yusta na mie tukaingia stoo, tukafungua sanduku moja, harufu ikatupiga machoni.

Sikilizeni hapa, maana hili ndilo somo. Filamu nyingi za zamani, zikikaa kwenye joto na unyevu, huanza kuoza na kutoa asidi, ndiyo hiyo harufu ya siki. Ile asidi inazidi kuiozesha iliyoitoa, kisha inaambukiza jirani zake. Filamu inanyauka, inajikunja, na utando wenye picha unavimba mikunjomikunjo kama ngozi ya maziwa. Kwa hiyo zenye harufu zitengwe na zisizo na harufu. Zipate hewa, zisifungiwe kwenye mkebe pamoja na mvuke wake. Halafu baridi. Baridi haiponyi, ila inausimamisha ugonjwa. Na kwa zile zilizokwisha kunyauka, kuna mtu anayejua kuubandua utando wa picha kutoka kwenye filamu iliyokufa, akaunyoosha, akaupiga skana. Sie wakati ule hatukuwa na mtu huyo. Tulitenga, tukapepea, tukaomba kiyoyozi. Tukajibiwa kwamba tuko kwenye mchakato.

Ndipo ikaja awamu ya tatu: nafasi moja, mtu mmoja, kozi ndefu ya kuhifadhi filamu na picha, gharama zote juu ya mfadhili. Nilimshukuru Mungu kabla ya kusikia jina. Mkurugenzi alimteua Nasra.

Nasra alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, binti wa mapokezi. Msichana mwema, mwenye adabu, na hakuna aliyejua kupanga maua mezani kama yeye. Niliingia ofisini kwa Mkurugenzi.

"Mkurugenzi, Yusta amesoma kemia, na ndiye anayeshinda na hizo filamu."

"Bi Mwajuma, tusiwe wabinafsi. Nafasi zizunguke."

"Zizunguke wapi? Nyumbani kwako?"

Akaniambia nifunge mlango nikitoka. Niliufunga, na nadhani bawaba moja haikuwahi kupona.

Kesho yake Nasra mwenyewe akanijia, kalamu mkononi. "Shikamoo Bi Mwajuma. Shemeji kasema unifundishe kidogo kabla sijasafiri, nisije nikaaibika kwa wazungu."

"Marahaba mwanangu. Twende stoo."

Sikumdanganya hata neno moja, na hilo nataka mlishike. Nilimkalisha juu ya kasha, chini ya bati, nikamfungulia sanduku lenye hali mbaya kuliko yote. Machozi yakamtoka.

"Hii nini, Bi Mwajuma?"

"Ndiyo kozi yenyewe."

"Na huko nako inanuka hivi?"

"Huko wana chumba kizima. Unaingia asubuhi na koti, glavu na barakoa, unatoka jioni. Simu haiingii."

"Simu haiingii?"

"Haiingii."

Akaiangalia ile filamu iliyojikunja. "Na wikiendi?"

"Unasoma kemia. Mwisho kuna mtihani wa kemia."

"Bi Mwajuma," akasema taratibu, "mie shemeji kaniambia kozi ya picha. Nikajua picha za kupigwa."

Siku iliyofuata Nasra alipatwa na aleji ya vumbi. Mkurugenzi akatangaza kwamba afya ya mtumishi ni kipaumbele cha taasisi, na kwa kuwa mfadhili alikuwa anataka jina haraka, jina la Yusta likaenda kwa sababu hakukuwa na shemeji mwingine karibu.

Yusta alisoma kweli. Hakurudi na koti. Alirudi na mikebe ya vifaa, brashi laini, na mikono iliyopauka kwa dawa. Akaniambia, "Dada Mwajuma, nipe chumba kimoja chenye baridi na watu wawili wa kuwafundisha, nitaziokoa nyingi." Nililala vizuri siku hiyo.

Kilichofuata kinaweza kuwauma tumbo. Kiyoyozi cha mradi kilifika, kikafungwa ofisini kwa mratibu wa mradi, ambaye alikuwa Mkurugenzi. Na Yusta, kwa kuwa sasa Kiingereza chake kilikuwa kizuri, alihamishiwa itifaki. Itifaki! Kupokea wageni uwanja wa ndege, kushika bango lenye majina yao. Mtaalamu pekee wa filamu katika taasisi nzima alikuwa anasimama pale wanapotokea abiria, huku Temeke picha za babu zetu zikigeuka kachumbari. Nilikwenda kulalamika mpaka makatibu wakawa wakiniona wanachukua simu tupu wanajifanya wanaongea.

Aliyetuokoa ni Bi Shirin. Alikuja siku moja kutafuta picha ya marehemu baba yake kwa ajili ya hitima. Harufu akaikuta getini.

"Mwajuma, nani kamwaga siki?"

Nikamfungulia stoo. Alichukua bahasha moja, filamu ikatoka imejikunja kama bamia iliyokaushwa, akajaribu kuinyoosha, ikavunjika vidoleni mwake. Bi Shirin ni mwanamke asiyepandisha sauti hata kwa mteja anayemwibia. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mkurugenzi, mie nyuma yake. Mle ndani kulikuwa na baridi nzuri.

"Baba yangu alizitunza kwenye chumba cha uani, na feni," akasema. "Hazikunuka. Nyie mmefanya nini?"

"Bi Shirin, tuko kwenye mchakato wa kutafuta ufadhili wa awamu ya nne..."

"Hiki kiyoyozi ni cha nani?"

"Cha mradi."

"Mradi uko wapi?"

Mkurugenzi akaangalia huku na huku kama mtu anayetafuta miwani.

"Basi nirudishieni masanduku."

"Haiwezekani, mama. Sasa ni mali ya umma."

Nikaona hapa wataishia mahakamani na filamu zitaishia jalalani. Nikamwuliza Bi Shirin kuhusu biashara yake. Alikuwa tayari anauza samaki na kuku wa barafu hapa Kipawa, na nilijua ana koldrumu, yaani vile vyumba vya baridi kali, na kimoja cha zamani alikuwa hakitumii. Nikamgeukia Mkurugenzi nikamwambia kwa sauti tamu niliyonayo kwa ajili ya dharura: filamu zihamishiwe Kipawa kwa matibabu, zibaki mali ya umma, na siku ya kuzihamisha yeye ndiye atakayekata utepe.

"Waandishi watakuwepo?" akauliza.

"Watakuwepo."

Alikata utepe. Alihutubia mbele ya friji za samaki kuhusu ushirikiano wa sekta ya umma na sekta binafsi. Mpaka leo sijui samaki walielewa nini.

Yusta aliacha kazi ya itifaki mwezi uleule, akaja hapa. Bi Shirin alikisafisha kile chumba, akatenga mlango wake mbali na samaki. Umeme ukikatika, jenereta linawaka papo hapo, maana samaki hawasubiri kibali cha mtu. Lile la taasisi lilikuwa na mafuta, lakini mwenye ufunguo alikuwa semina.

Bi Shirin alipoona Yusta anaokoa filamu ya kwanza, ile ya timu ya mpira ya Keko, wachezaji wote wamekunja mikono na mmoja hana viatu, akauliza, "Unaweza kuwafundisha wengine?" Yusta akasema anaweza. "Basi nitawagharamia. Ila sitaki begi, sitaki fulana, na mtu asinifungulie kwa hotuba." Ndiyo nyie hao. Mnapolalamika kwamba chai hapa ni ya rangi na andazi moja, mkumbuke wenzenu walikula buffet na hawakujua kubeba chupa.

Mengine ya kazi Yusta atawaambia, lakini moja nawaambia mie kwa sababu kila kundi linalikosea: ukitoa filamu kwenye baridi usiifungue. Iache ndani ya mfuko wake mpaka izoee joto la nje. Ukiifungua kwa papara, maji yanaigandia kama chupa ya soda iliyotolewa barafuni, na umeharibu kwa dakika kilichovumilia miaka.

Halafu kuna hili, ambalo sikutaka kuliandika. Yusta kasema niliandike.

Jumamosi moja, mie nimeshastaafu na nimekuja kumsaidia Yusta, mlangoni akasimama mzee mmoja, hana tai, kashika kofia mkononi. Sikumtambua mpaka aliposema, "Bi Mwajuma, habari za siku nyingi." Alikuwa Mkurugenzi. Naye alikuwa amestaafu.

Akaeleza akiwa amesimama, hakukaa. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo mno, uso wake haukumbuki. Nyumbani kwao Mtoni kulikuwa na albamu, ikachukuliwa na mafuriko. Sasa dada yake mkubwa alikuwa anaumwa, na kitandani alimwambia kwamba wazazi wao walipooana walipiga picha kwa Mhindi wa Temeke. Alikuwa haijui habari hiyo. Akataja jina la baba yake.

Vijana, mie mtu huyu nilikuwa nimemwekea maneno kwa miaka. Nilikuwa nayafanyia mazoezi nikimwagilia mchicha. Nilifungua mdomo, nikasema, "Karibu kiti."

Bahasha ilipatikana. Yusta aliitoa kwenye baridi, akaiacha ndani ya mfuko wake juu ya meza, tukasubiri. Mzee aliangalia ule mfuko muda wote. Ulipopoteza ubaridi, Yusta akaufungua, akaiweka filamu juu ya kioo cha mwanga, na mie nikajua kabla mzee hajainama.

"Baba," Yusta akasema, "hizi zilikaa juu, karibu na bati."

Upande mmoja lilionekana bega la mwanamume mwenye kanzu. Upande wa pili utando ulikuwa umemumunyuka, umebaki weupe mtupu pale uso ulipotakiwa kuwa. Chini, juu ya magoti, ulikuwa umebaki mkono mmoja wa mwanamke, wenye hina, vidole vimeshika leso.

Mzee aliinama juu ya kioo.

"Hakuna utaalamu wa kuurudisha uso?" akauliza. "Hata huko nje? Hakuna kozi?"

"Hakuna, baba. Kozi ni za kuzuia usipotee."

Akaitikia kwa kichwa. Nilimwona anaangalia meza, mashine, makoti yetu ukutani, kama mtu aliyeingia chumba hiki kwa mara ya kwanza, na kwa kweli ilikuwa mara ya kwanza. Siku ya utepe aliishia kwenye friji.

"Mkono huu ni wa kwake?"

"Ni wa bibi harusi," nikamjibu. "Bahasha ni ya baba yako. Ni wa kwake."

Akaweka kofia yake juu ya meza. "Basi nichapieni mkono," akasema.

Yusta akawasha mashine. Tukamchapia.